Seva Iliyofunzwa Kupatana Bei

Laurencia alipohamia Karatu kutoka Rombo alikuwa mnunuzi wa vitunguu vya Mang'ola, na huko ndiko alikojua kwamba bei haikai mahali pamoja. Lori likikwama, gunia lina bei nyingine. Mwenye gunia akijua una haraka, umekwisha. Kompyuta zilikuja baadaye. Alinunua chakavu kwenye ofisi iliyokuwa inafungwa, akafungua duka la intaneti barabara kuu. Kwa kuwa mashine zenyewe zilipumua kwa taabu, akajifundisha vitabuni kuandika seva yake mwenyewe, yaani programu nyepesi ya kupokea maombi ya watu mtandaoni na kuwarudishia kurasa. Hakutafuta sifa. Seva za wengine zilikuwa nzito, na hakuwa na mashine ya kuzibeba.

Kufikia mwaka 2004 wenye kambi za watalii walikuwa wamempa tovuti yao ya pamoja aiendeshe, na kazi hiyo ndiyo iliyolipia dishi la setilaiti. Bila hiyo, duka lingefungwa.

Taabu ilikuwa bei za magari waliyowakodisha wageni. Kila asubuhi madereva walioko juu Ngorongoro waliita kwenye simu ya upepo: barabara ya kushuka kreta ina tope, au imekauka. Mwenye kambi anasikiliza, anakohoa, anatamka bei ya siku. Siku ya mnada, nusu ya magari yamekwenda kubeba mbuzi, bei inapanda. Mgeni aliyewahi kuja, inashuka. Laurencia alikuwa ameyaandika yote hayo ndani ya seva. Mwenye kambi akibadili wazo, ilimbidi Laurencia arekebishe, aijenge upya programu, azime seva, awashe.

Siku moja ya mnada alikosea mstari mmoja, seva ikagoma kuwaka mpaka mchana. Kundi la Wajerumani likachoka kungoja, likakodi magari Arusha.

Mzee Zablon, mkulima wa ngano aliyejenga kambi shambani kwake na sasa mwenyekiti wa wenzake, akaingia dukani bila hodi.

"Mama, ukirekebisha bei yangu, mbona ukurasa wa kambi ya Hyasinta unakufa?"

"Kwa sababu mko tumbo moja, mzee."

"Basi tuzae mmoja mmoja! Kuna kijana wa Arusha, Silvanus, ana kampuni ya tovuti. Mwezi ujao anakuja kwenye kikao. Akitupendeza, tumeachana na wewe."

Laurencia hakubembeleza. Alikaa akalifikiria kama jambo la sokoni. Dalali mwenye akili habebi kichwani mapatano ya kila mtu. Anaweka meza, wenye mali wanasema wenyewe. Seva ilitakiwa iwe meza.

Akapata Lua, lugha ndogo ya programu iliyotengenezwa ili iishi ndani ya programu nyingine. Ilikuwa ya bure, na ilienea kwenye disketi moja nafasi ikabaki. Akaipachika ndani ya seva. Sasa kila kambi ikawa na faili lake la sheria, mistari michache tu. Mgeni akiuliza bei, seva inasoma sheria za kambi ile na kujibu. Ukizibadili, unahifadhi, basi. Hakuna kuzima kitu.

Kikao kilifanyika katika bwalo la kambi ya Hyasinta. Silvanus alionyesha kurasa nzuri, zenye tembo anayetembea.

"Tope likiingia?" akauliza Mzee Zablon.

"Mnatutumia ujumbe Arusha, tunabadilisha. Siku mbili, tatu."

"Bwana mdogo, tope hilo litakuwa vumbi tayari."

Watu wakacheka. Laurencia akamsogezea mzee kibodi. Kwa kidole kimoja, akiuma ulimi, mzee akaandika: tope likiwepo, ongeza. Akatia alama kwamba leo tope lipo, akahifadhi. Bei kwenye skrini ikapanda, naye akapanda nayo kutoka kwenye kiti.

Lakini Silvanus hakuwa mjinga. "Niruhusuni nami niguse sheria za mzee." Akaandika amri inayojizungusha bila mwisho. "Ombeni bei sasa. Itazunguka mpaka Pasaka, na seva nzima pamoja nayo."

Ukurasa ukasita. Hyasinta akashika kichwa. Kisha bei ya Zablon ikatokea, ile ile iliyopanda, na chini yake maneno: sheria mpya imekatwa, imezidi kikomo.

Hyasinta akageukia kompyuta ya pili. "Ya kwangu imefunguka! Imesita kidogo tu."

"Umeizuiaje?" Silvanus akauliza, akivuta kiti karibu.

"Kila sheria nimeipimia hatua. Zikiisha, seva inaikata na kurudi kwenye iliyofanya kazi mara ya mwisho. Mtu akibwabwaja sokoni, unamwambia apishe wengine."

"Ninyi Wachaga wa Rombo!" Mzee Zablon akapiga meza. "Hata kubwabwaja mmekuwekea mpaka!"

Laurencia hakushukuru. Alijua saa ya kuuza ndiyo hiyo. "Kazi naichukua, kwa mkataba wa misimu mitatu, usainiwe kabla ya chakula. Sheria ni zenu. Seva ni yangu."

Hyasinta alisaini wa kwanza. Mzee Zablon alinung'unika, akasaini kwa herufi kubwa kuliko wote.

Nje, Silvanus akamkuta Laurencia akifunga mkoba.

"Dada, niuzie hiyo kitu."

"Siuzi. Nakodisha. Una wateja Arusha?"

"Tele."

Laurencia akarudi naye ndani, akavuta viti viwili. "Kaa. Anza wewe kutaja bei."