Wiki Niliyomchotea Wifi Maji kwa Sababu ya Ubingwa

Nilisoma mpaka darasa la tatu tu, lakini mabingwa wa taifa wa mpira niliwajua wote. Leo wajukuu zangu wana simu na bado wananiuliza mimi. Wakati ule, hapa Karatu, nilikuwa na kichwa changu na ukuta wa jiko. Timu moja kubwa ya Dar ikichukua ubingwa, napaka alama ya udongo mwekundu. Mwenzake akichukua, nasugua jani la maharage. Hiyo ya kijani ndiyo yangu, na ndiyo moshi ulikuwa unaila kwanza. Ukiangalia ule ukuta, ungesema timu yangu haijawahi kushinda hata kuku. Na mwaka ambao timu nyingine iliwapiku wote wawili, sikupaka kitu. Nilisema ule haukuwa mwaka.

Kilichoniponza ni mdomo. Miaka ya themanini, tukipura maharage, nikatangaza mbele ya wanawake wenzangu: "Safari hii bingwa ni kijani au nyekundu. Wa tatu hajazaliwa."

Wifi yangu, dada wa mume wangu, tuliyepakana naye mashamba, hakujua kama mpira una pembe au hauna. Akaweka fimbo chini.

"Mimi nasema atachukua mwingine."

"Mwingine yupi, wifi?"

"Yeyote. Nimechoka na kelele zako."

"Akichukua mwingine nakuchotea maji wiki nzima. Kwa kichwa hiki hiki!"

"Mmesikia jamani? Msije mkasema nimemwonea."

Siku ya mwisho ya ligi tulianika betri juani tangu asubuhi ili redio ipate nguvu. Mtangazaji akasema bingwa ni timu ya mji mdogo, mbali kusini, mji ambao naambiwa barabara zake ni tope kama zetu. Nikamwambia mume wangu redio imeharibika.

"Redio ni nzima," akasema. "Katafute debe."

Basi nikachota. Mimi mbele na debe kichwani, wifi nyuma mikono mitupu, akisalimia watu ambao siku zote hasalimii. Tena wiki hiyo ndiyo akakumbuka kufua mablanketi yote ya nyumba. Siku ya nne tukakutana na mchungaji wa Kimasai kutoka upande wa Endulen, na punda wake wamebeba maji. Akanitazama kwa huruma.

"Yeyo," akaniita kama anavyomwita mama yake, "punda yako imekufa?"

Wifi alicheka mpaka akakaa chini. Mimi ningekaa wapi, na debe kichwani?

Siku ya saba mwalimu wa shule alitukuta kisimani. Alikuwa ametoka safari, habari za mpira hakuzipata, akauliza ubingwa umekwenda wapi. Wifi akajitokeza kifua mbele.

"Nimeshinda mimi!"

"Hongera, mama. Na timu yako inaitwaje?"

Wifi akanigeukia.

Ningenyamaza. Mwanamke mwenye akili angenyamaza. Lakini nikaitaja timu, mji wake, rangi ya jezi na wafungaji wake mmoja mmoja, shingo imekakamaa chini ya debe, maji yakinichuruzika mpaka kidevuni. Mwalimu akasimama kunisikiliza mpaka mwisho. Kisha nikapandisha kilima kumpelekea wifi maji yake.