Samaki Aliyepishana na Mama Mkwe

Mama mkwe alipotujia Nguvumali kwa mara ya kwanza kutoka Singida, kosa lilikuwa langu. Tangu siku ya posa nilikuwa nikimtambia kwamba sisi watu wa Tanga hatuagizi chakula kutoka mbali, kila kitu kiko mlangoni. Mama yule hakusahau. Asubuhi, baada ya shikamoo na marahaba, akasema, "Mwanangu, nitakula kilichotoka hapa tu."

Nikaenda naye sokoni kifua mbele. Muuza samaki akafungua jokofu, akatoa vibua vilivyoganda kwa barafu, vigumu kama vigae.

"Hawa wa wapi?" mama mkwe akauliza.

"Wa China, mama."

"Na bahari yenu?"

"Wa bahari yetu wamekwenda mahotelini. Huko ndiko wanakotakiwa."

Kitunguu saumu nacho, tukaambiwa, kilitoka China.  Mama mkwe alinitazama tu, kwa ule utulivu wa mtu anayefikiria upya kama alimwoza binti yake vizuri.

Kesho yake nikamchukua yeye na mke wangu mpaka Ushongo, kwenye hoteli iliyo ufukweni kabisa, mawimbi yanakaribia kulowesha miguu ya meza. Mhudumu, binti mpole aliyejifunga kanga juu ya sare, akatuletea menyu. Nikaagiza samaki kwa sauti ya mwenye mji.

"Leo tuna sangara," akasema. "Kaletwa na gari la barafu kutoka Mwanza. Wageni wanampenda kwa kuwa hana miiba."

Mama mkwe akaweka menyu chini. "Magari ya Mwanza hupita kwetu Singida. Huyu samaki tumepishana njiani."

Mke wangu akainamia mkoba wake, mabega yakitikisika kwa kicheko. Mimi nilitamani maji yajae yanichukue.

Ndipo mama mkwe akamgeukia yule binti. "Nyie wafanyakazi mnakula nini?"

Binti akaona haya. "Sisi tunakula vya hapa hapa tu, mama. Tasi na mhogo wa nazi. Si chakula cha wageni."

"Mimi si mgeni. Mimi ni mkwe."

Tukahamia nyuma ya jiko, tukakaa mkekani na wapishi. Tasi walikuwa wamevuliwa asubuhi ile, tui zito, mhogo umelainika, pilipili ya kijani pembeni. Mama mkwe alikula akitoa miiba mmoja mmoja bila haraka.

Meneja akatokea, shati limenyooka, akaomba radhi kwa kuona wateja wamekaa chini. Akaahidi kutupatia meza yenye upepo mzuri zaidi.

"Kaa ule," mama mkwe akamwambia.

Meneja akatazama upande wa mbele walikokaa wageni, kisha akanawa, akaketi. Baada ya matonge matatu akasema taratibu kwamba tangu apewe umeneja anakula sangara kila siku, kwa sababu ya heshima ya cheo.

Binti akamsogezea sahani ya mhogo.