Mwezi Haujaandama, Tiketi Imeshalipwa

Mwaka ule mabembea yaliniondolea utulivu. Ungeniuliza habari za bustani za michezo za Johannesburg na viunga vyake, ipi ina foleni ndefu, ipi inakataza chakula cha kutoka nyumbani, ipi watoto hulia wakiambiwa waondoke, ningekutajia moja moja kama mtu anayetaja shangazi zake. Na sikuwa nimewahi kukanyaga hata moja. Yote niliyapata kwenye simu, nikiwa dukani Mayfair nyuma ya meza ya mabaibui, mteja akiuliza bei ya shela mara ya pili na mimi simsikii.

Sababu ilikuwa binti yangu. Nilimwacha Tanga kwa mama yangu akiwa ndiyo kwanza anajifunza kutembea, nikaja Sauzi kutafuta maisha. Maisha yakapatikana kidogo kidogo, na yeye akawa anakua. Mwaka 2015 nilipohamia mtaa wa Observatory, kwenye chumba chenye jiko lake na dirisha linalotazama kilima, nikampigia mama nikamwambia sasa mtoto aje. Mama hakukataa. Alisema aje likizo ya Juni ya mwaka unaofuata, akae, aone. Akipenda abaki, asipopenda arudi, na mtu asimlazimishe. Nilikubali mbio mbio, kwa sababu ningefikiri kidogo tu ningeanza kubishana.

Kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Mama yangu hajawahi kunitamkia methali hiyo, lakini kila nilipopiga simu niliisikia.

Basi alikuja, ana miaka kumi, Ramadhani imeshaanza, na anafunga. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kufunga mwezi mzima na alikuwa amemwahidi bibi yake kwamba hataacha hata siku moja. Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku ya tatu nilirudi kazini nikakuta amefagia, ameosha vyombo, amekunja nguo zangu, na hakuna aliyemwambia. Mama mwingine angefurahi. Mimi niliumia, kwa sababu niliona mtoto amejihesabu mgeni nyumbani kwangu na amejipa jembe mwenyewe. Kila asubuhi aliniamkia shikamoo kwa adabu zote. Jioni aliongea na bibi yake kwenye simu, akacheka kicheko ambacho mimi sikuwahi kukipata.

Mimi si mtu wa kungoja. Chai nainywa ya moto, na kwenye robot, zile taa za barabarani, navuka kabla haijaruhusu. Nikaamua siku ya Idi ndiyo itakayosema. Nitampeleka mahali ambapo Tanga hakuna mfano wake, akirudi hapo chumbani atasema mwenyewe kwamba anabaki. Kazi ikawa kuchagua.

Bustani ya kwanza ilikuwa ya kusini mwa mji, palipokuwa mgodi wa dhahabu zamani. Haina matayarisho: unaamka, unapanda taksi, unabadilisha taksi, umefika. Bei yake inavumilika. Lakini mvuto wake wote ni mashine za kukupindua kichwa chini miguu juu. Nilimwonyesha binti yangu video ya watu wanaopiga kelele humo, akatazama kwa makini, akauliza, "Wanalipa ili watapike?" Nikaifuta. Kesho yake nikairudia, kisha nikaifuta tena.

Ya pili ilikuwa chemchemi za maji moto, mbali huko kaskazini. Kwa baridi ya Juni maji moto yalinivutia mimi zaidi kuliko mtoto. Lakini kule huendi na kurudi. Lazima ulale, lazima ukodi kibanda, lazima uweke nafasi mapema, na wenye mji wao walikuwa wameshajaza vibanda vyote tangu kiangazi. Ya tatu ndiyo iliyoniteka. Ilikuwa hoteli kubwa katikati ya vilima, mwendo wa saa mbili kutoka mjini, ambako wamechimba ziwa, wakamwaga mchanga pembeni, wakafunga mashine ya kutengeneza mawimbi. Ilikuwa ghali kuliko zote, na usumbufu wake ulikuwa mkubwa kuliko zote, kwa hiyo nikaona bila shaka ndiyo nzuri kuliko zote. Haikunijia hata mara moja kwamba namtoa mtoto Tanga, kwenye bahari ya Mungu, nimpeleke kuangalia bahari ya mashine.

Mshauri wangu alikuwa jirani wa ghorofa ya juu, msusi kutoka Lubumbashi, mwenye gari kuukuu lenye mlango mmoja usiofunguka. Alishafika kote huko na akina mama wa kanisani kwake. Nilipanda kwake kila siku na swali jipya.

"Mama, weye unanichokesha," aliniambia siku moja, mikono yake iko kwenye kichwa cha mteja. "Jana ulisema ya mugodi. Leo unasema ya mawimbi. Batoto banapendaka pa kucheza, basi. Hata ukimupeleka kwenye bembea ya pale barabarani atacheka."

"Huyu hacheki."

"Atacheka. Miye nitabapeleka na gari yangu. Weye lipa mafuta tu na unipe ile pilau yenu."

Ndipo nikaona tangazo: tiketi za ile ya mawimbi kwa bei ya punguzo, siku moja ya katikati ya juma, hairudishwi na haibadilishwi. Nikahesabu kwa vidole. Siku ile ingekuwa Idi, kama mwezi ungeandama jioni ya ishirini na tisa. Nikalipa palepale dukani, nikapanda kwa jirani kumwambia.

Alinitazama. "Mais, lakini Idi yenu, si mwezi ndiyo inasemaka? Mwezi isipoonekana?"

"Utaandama," nikamjibu, kana kwamba nimeuagiza.

Mwislamu yeyote angenicheka. Sisi tumekua tukilala na nguo mpya karibu na kichwa bila kujua kama kesho ni kuvaa au ni kufunga, na mama zetu hawajawahi kuahidi kitu siku ya Idi bila kusema "mwezi ukiandama". Mimi nililijua hilo tangu tumboni, na bado nikanunua tiketi.

Jioni ya ishirini na tisa tulifuturu haraka, tukapanda kilima cha nyuma ya nyumba, mimi na yeye. Nilikuwa nimeshaloweka nyama na vitunguu vimeshakatwa. Upande wa magharibi moshi wa makaa ulikuwa umelala juu ya mji, na juu ya moshi palikuwa na wekundu mtupu. Nilikodoa macho mpaka nikaanza kuona miezi mitatu. Yeye alisimama, mikono ndani ya koti nililomnunulia, akatazama mara moja na kusema, "Haupo."

Tulipokuwa tunashuka ujumbe ukaingia kwenye simu kutoka kwa watu wa msikitini Mayfair: mwezi haukuonekana, tunakamilisha thelathini. Nilikasirika na mwezi, nikakasirika na moshi, nikajikasirikia. Hatujafika nyumbani, simu ikaita. Alikuwa mama.

"Huku umeandama," akasema. "Wametangaza redioni. Kesho Idi. Nyinyi je?"

Niliona mlango umefunguka. Nikakata simu kwa heshima zote, nikamgeukia binti yangu.

"Umesikia? Tanga ni Idi. Na sisi ni watu wa Tanga. Kesho tunakula, tunaogelea, tumemaliza."

Nilikuwa na hakika atakubali. Huyu hali embe bila kusema Bibi hulikata vipi. Lakini alifikiri kidogo, akasema, "Bibi yuko Tanga, afuate wa Tanga. Sisi tuko hapa. Huku haujaandama."

Nilijifanya natafuta ufunguo. Amesema sisi tuko hapa, nikajiambia, na nikajua kwamba nimeshinda hata kabla ya kufika kwenye mawimbi. Nilipika pilau usiku ule huku naimba.

Asubuhi nilimwambia ruhusa zote alizo nazo. Wewe hujabaleghe, nikamwambia. Halafu ni safari, na msafiri ana ruhusa, utailipa siku nyingine. Akasema anataka thelathini yake itimie. Basi tukaondoka watatu, tuliofunga wawili, sufuria la pilau limefungwa kwa kanga ndani ya buti, na jirani anaendesha akiwa amebana kifungua kinywa chake kwenye mfuko wa koti kwa kutuonea haya.

Getini walitukumbusha kwamba chakula cha nje hakiingii. Nililijua hilo kuliko aliyetuambia. Sufuria likabaki kwenye gari.

Niseme kweli, palikuwa pazuri. Mchanga mweupe, minazi iliyoletwa kutoka nisikokujua, vilima vikavu vya rangi ya simba pande zote, na kila baada ya muda king'ora kinalia, maji yanainuka na watoto wanapiga mayowe. Watu wa Mayfair hawakuwepo hata mmoja, maana wenye akili walisubiri mwezi. Binti yangu alikunja suruali, akaingia mpaka kwenye vifundo. Hakutaka kwenda mbele asije akameza maji. Aliinama, akachovya kidole, akakinusa.

"Hayana harufu," akasema.

"Umependa?"

"Ndiyo, mama. Pazuri."

Ndivyo mgeni anavyojibu. Mimi nikashindwa kukaa. Nikamvuta kwenye daraja linalotikisika, nikamvuta kwenye ndege wa rangi rangi, nikamvuta kwenye mabomba ya kutelezea tukatazama wenzetu wakiteleza. Alinifuata kila mahali bila kulalamika, midomo imemkauka. Kila tulipofika nikamuuliza kama amependa, na kila mara alipapenda. Jirani alikuwa akipotea mara kwa mara nyuma ya minazi na kurudi akijifuta chumvi ya chipsi. Mara ya mwisho alinishika mkono.

"Kaa chini kidogo, mama. Hii mutoto hakimbii."

Nilikaa. Baada ya dakika chache nikasimama tena.

Jua la majira ya baridi halikawii. Kabla halijazama tulitoka, tukafungua buti pale kwenye maegesho, tukatandika kanga, tukaweka sufuria katikati. Baridi ilikuwa imeanza kupanda kutoka kwenye lami. Simu ilipoadhini tukala tende, tukanywa maji, tukaingiza mikono kwenye pilau iliyopoa. Jirani naye akaingiza mkono. Nikamtazama mtoto wangu akila kwa njaa ya thelathini nzima, nikaona ndiyo saa nzuri ya kusikia lile nililokuja kusikia.

Alinitangulia.

"Mama, likizo ikiisha nitarudi kwa Bibi."

Nikauliza, "Hukupapenda hapa?"

"Nimepapenda."

"Na kwangu?"

"Na kwako nimepapenda."

"Sasa?"

Alifuta mkono kwenye pindo la kanga. Haikuwa hasira wala kudeka. Alikuwa anaeleza hesabu aliyoimaliza siku nyingi. "Leo sikutaka ufunge peke yako, ndiyo maana nikafunga. Lakini Bibi leo kala Idi peke yake." Akamtazama jirani yangu, ambaye alikuwa analamba vidole na ghafla akaacha. "Wewe una huyu. Bibi hana mtu."

Jirani aliinama kwenye sufuria, akaanza kutafuta kiazi ambacho hakikuwepo.

Nilikuwa na majibu mengi. Ningeweza kusema Bibi ana majirani mtaa mzima. Ningeweza kusema tutamleta Bibi, ingawa sote tunajua mama yangu hawezi kuondoka Tanga hata kwa kuburutwa. Ningeweza kusema shule za hapa, koti jipya, na kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Yote yalinijaa mdomoni kwa pamoja. Na niliona kwamba wakati mimi nashindanisha mabembea, huyu mtoto alikuwa ametuweka sisi wawili mbele yake, mama yangu na mimi, akatutazama kwa haki kabisa, nami nikashindwa.

"Nitakata tiketi," nikasema. Nilisema haraka, kabla sijabadili mawazo, maana najijua.

Akaitikia kwa kichwa. Kisha akachukua kipande cha nyama kilichokuwa upande wake wa sufuria, kile kikubwa, akakisukuma kwa vidole mpaka upande wangu. Hivyo ndivyo mama yangu anavyofanya kwa mtu anayemwona hajashiba. Nilikuwa nimesahau. Nilikila, nikakaa pale pale chini mpaka sufuria likaisha.