Damu ya Utumbo Kwenye Kanga Yangu

Ipo siku moja haijanitoka kichwani, mwanangu, na sidhani kama itatoka. Nilikuwa nimekaa chini kwenye tope, Vingunguti hii hii ninayoishi, ushungi umevutwa, kiatu kimoja hakipo, mdomo umejaa damu yangu mwenyewe. Mtoto niliyekuwa nimemshika mkono walishamnyofoa. Watu wamenizunguka, wengine na mawe, wengine na simu. Katika wale wa simu nikamwona Hamisi, ambaye meza yake ya utumbo na yangu zimegusana miaka yote hii. Nikamwita, "Hamisi, waambie!"

Hamisi akaangalia pembeni.

Mawe yaliniuma, sikatai. Jicho la kushoto mpaka leo linaona ukungu. Lakini shingo ya Hamisi ilivyogeuka, hiyo ndiyo ninalala nayo na kuamka nayo.

Ngoja nirudi nyuma unielewe, maana nyie mmezaliwa mkazikuta simu, mnaweza kudhani ndivyo tulivyokuwaga siku zote.

Mie mwenyewe niliwahi kupotea. Nilikuwa mdogo, nikafuata mdundiko, ile ngoma inayotembea mitaani, wanawake mbele wanaimba na viuno vyao, watoto nyuma na vumbi letu. Ngoma ilipoishia, sijui nilipo. Nikalia. Akatokea mwanamume mrefu, koti lote damu, kisu kimeviringishwa kwenye gunia. Ni Mzee Kibwana, mchinja ng'ombe, ingawa jina nilikuja kulijua baadaye. Akanipandisha mabegani. Sikumwogopa, na njiani watu hawakumwuliza zaidi ya, "Huyo wa nani, Mzee?" Naye anajibu, "Wa kwetu, sijajua nyumba tu."

Akanipeleka msikitini. Muadhini akaniuliza jina la mama, nikasema Mama. La baba je? Baba. Akatangaza hivyo hivyo kwenye kipaza sauti: amepatikana mtoto wa kike, gauni la maua, makamasi mengi, mama yake anaitwa Mama. Mtaa mzima ulicheka, lakini ulitoka. Hata wanawake ambao watoto wao wako ndani walikuja kunitazama, mmoja na kikombe cha uji. Mama yangu alipofika analia, wenzake wakaanza kumsema: mwanamke gani wewe, mtoto anafika mpaka huku? Mzee Kibwana akawageukia wao.

"Huyu mtoto kapita kwenye milango yenu yote analia. Nani kamwuliza? Mie mwenye damu ndiye nimeuliza. Siku nyingine akipita mtoto analia, mshikeni mkono kwanza, maneno yenu yaje baadaye."

Shule niliishia la nne, mwanangu, na mengi ya ubaoni yamenitoka. Hilo halikunitoka. Watoto niliowapeleka msikitini maishani mwangu siwezi kuwahesabu, na wengine leo wana ndevu, wakinikuta sokoni wananiamkia, "Shikamoo Mama Rehema, mie ndiye yule uliyeniokota."

Basi siku yenyewe natoka machinjioni na ndoo yangu ya utumbo. Kanga ina damu. Kwetu hapa damu kwenye kanga ni kama unga kwenye nguo ya mpika maandazi, hakuna anayeitazama mara mbili. Kando ya mtaro nikamkuta mtoto wa kiume, kama wa miaka mitatu, analia mpaka sauti imekauka. Nikamwuliza mama yuko wapi, akanionyesha angani. Nikamshika mkono, safari ya msikitini.

Njiani nikapita kibandani kwa Side, fundi simu. Namtaja jina, na yeyote anayeona nimekosa adabu aje aniambie, maana mie sura yangu ilisambazwa bila kuulizwa.

"Mama Rehema, shikamoo. Mtoto wa nani huyo?"

"Marahaba. Kapotea, baba. Nampeleka akatangazwe."

"Kutangazwa msikitini? Mama, hayo mambo ya zamani. Ngoja nimtupie kwenye grupu la mtaa, sasa hivi mama yake anapatikana."

Nikafurahi! Nikaona kijana ana akili. Nikainama nikamfuta mtoto makamasi kwa ncha ya kanga ili sura ionekane, nikamwelekeza kwenye simu. Mtoto akazidi kulia. Side akarekodi, nami nikasimama vizuri kabisa kama napigwa picha ya harusi.

Side aliandika, na hili nalisema kwa haki yake, "Nani anamjua mtoto huyu?" Basi. Hakuandika aliye naye ni nani, wala ile damu ni ya nini. Aliona kila mtu anajua. Aliyepokea ni Mama Nasra, mwenye saluni kule mwisho wa mtaa, mwanamke aliyenunua utumbo kwangu tangu mwanawe hajaota meno. Yeye ndiye aliyeipeleka kwenye magrupu mengine na maneno yake juu: "Kinamama chungeni watoto, huyu mama ana damu na mtoto analia, sambaza uokoe maisha." Mbele ya safari wakaongeza mwizi. Wengine wakaongeza mchinjaji. Mie wakati huo natembea tu na mtoto na ndoo yangu, namwimbia.

Sikuufikia msikiti. Kona ya mwisho wakanipokea.

Aliyeniokoa ni muadhini wa siku hizi. Alitoka akaona, akarudi ndani mbio, akawasha kipaza sauti: "Mwacheni huyo mama! Ni Mama Rehema, muuza utumbo, ni jirani yenu nyie, mwogopeni Mungu!" Mikono ikashuka. Mama wa mtoto akaja anahema, akambeba mwanawe, akaondoka naye mbio. Simlaumu. Ukweli ukajulikana pale pale, kila mtu akaona haya, wakanitafutia kiatu.

Lakini kipaza sauti cha msikiti kinafika mwisho wa mtaa wetu tu. Ile video ilishafika Segerea.

Segerea ndiko anakokaa binti yangu Rehema na mumewe, na mjukuu wangu Tatu. Kila shule ikifungwa Tatu alikuwa anakuja kwangu. Analala miguuni kwangu, anakoroma kama mzee, asubuhi anagombea ukoko. Likizo ile hakuja. Mkwe wangu akanipigia kwa heshima zote. "Mama, sie tunakujua. Ila wenzake shuleni wameiona, wanamwita mjukuu wa mchinja watoto. Acha ipoe kwanza." Nikasema sawa, baba. Haijapoa. Inapotea, halafu mtu mwingine huko anaiokota, inaanza upya kama ya jana.

Rehema akasema, "Mama, si unamwona kwenye simu?" Ni kweli namwona. Meno ya mbele yametoka, mengine yameota, yote hayo nimeyaona kwenye kioo cha simu. Kunusa kichwa chake siwezi. Juzi akaniuliza, sura imejaa kwenye kioo, "Bibi, yule mtoto ulimfanya nini?" Nikaanza kumwambia. Picha ikaganda. Ilipokuja kurudi, alikuwa ameshatoka kwenda kucheza.

Nilikwenda saluni. Mama Nasra hakuacha hata kusuka.

"Nilishaifuta, Mama Rehema."

"Umeifuta kwako. Na ile ya Segerea?"

"Sasa mie nikamwingilie mtu simu yake? Na mie nilitumiwa kama wengine."

"Maneno yale ulitumiwa?"

Wateja wakacheka kichinichini, mmoja akasema mama yangu samehe yaishe. Hamisi naye nilimwuliza, tukiwa wawili mezani. Akasema, "Niliogopa wangesema tunashirikiana." Akanisogezea maji ya kuoshea utumbo, kama hayo yangetosha.

Mwanangu, sikuambii utupe simu, hata mie ndiyo inayonionyesha Tatu. Ninalokuambia ni kwamba ukiona mtu kwenye kioo na hujui atokako, usimwandikie maneno juu ya kichwa chake. Nenda ukamwulize, na kama yuko mbali, nyamaza. Ila kama unamjua, na unaona anaumizwa, hapo usinyamaze, hata sauti ikitetemeka, maana kelele za wageni hazikunivunja kama ukimya wa aliyenijua. Na ukishakosea usiseme nimefuta. Pita ulikopita na uongo, nyumba kwa nyumba, ukauweke ukweli. Na mtoto akilia njiani mshike mkono. Najua ninachokuambia, na jicho langu ndilo hili. Mshike.

Mungu akukuze. Akupe riziki isiyo na fedheha na majirani wenye ulimi wakati unawahitaji, na siku ukipotea usikose mtu wa kukuuliza wewe ni wa nani.

Na nyie watatu, najua haya yatawafikia, maana kila kitu kinawafikia. Side, kibanda chako kipo, na simu unayo. Hamisi, meza yako ipo, na wateja wanakusikiliza. Mama Nasra, namba za magrupu yote yale unazo, na sauti unayo, tunakusikia kila siku ukiwaita wateja. Mjukuu wangu ameuliza yule mtoto nilimfanya nini. Mie nimejaribu, haikufika. Mjibuni nyie.