Mfua Chuma Wetu Alipokaa Eda

Mie subira sina, na anayenijua ashajua. Kungoja toka Ijumaa hadi Ijumaa kulikuwa kunanitesa. Tulikuwa wanawake wanne, tukikutana kwangu, mtaa wa Jadida, baada ya sala kucheza mchezo wa hadithi, kila mmoja na mtu wake wa kubuni, nami nikiwasimulia mji tulioutunga wenyewe pamoja na mabaya yake yote. Dadu mama yangu alizikataza ndani ya nyumba, kwa hiyo bahati ya kufaulu au kushindwa tuliichota kwenye kopo la maziwa, vikaratasi vyenye namba. Shoga yangu, muuguzi anayekaa Madungu, mchezoni alikuwa mfua chuma, mwenye ulimi mkali na hodari wa kuvunja makufuli. Wallahi bila yeye mchezo haukunoga.

Katikati ya wiki tuliendelea kwa meseji, kwenye kundi letu la simu. Mwanzo nilikuwa naandika kurasa nzima, nao wananijibu "sawa". Nikakasirika, nikawaambia kheri niwasimulie kuku. Halafu nikajifunza: maneno machache, na mwisho mtu aachwe mlangoni, aamue mwenyewe aingie au asiingie. Ikitakiwa bahati, nachota kikaratasi, nakipiga picha, natuma. Hapo ndipo watu walipoanza kujibu hata wakiwa jikoni, na mchuzi wa mtu ukaungua.

Kisha mume wa shoga yangu akafariki ghafla, mtu aliyetoka kwenda kazini asubuhi. Shoga yangu akakaa eda, miezi minne na siku kumi ndani. Tulikwenda matangani, tukalia naye, tukarudi. Na kwa adabu zetu tukaona si vizuri kucheka ndani ya simu ya mtu mwenye msiba. Tukafungua kundi la pili bila yeye, na mfua chuma nikampa safari ya mbali. Mie ndiye niliyelifungua kundi hilo, sitamsingizia mtu.

Wiki ya tano, kwa haraka zangu, nikatuma picha ya kikaratasi kwenye kundi la zamani. Nikaifuta, lakini alikuwa ashaiona. Akanipigia. Hakugomba, angegomba ningejua pa kushika. Aliuliza tu mchezo umefika wapi. Nikababaika, nikamwambia tulikuwa tunamstahi.

"Aliyekufa ni mume wangu," akasema. "Mie mzima. Kila anayeingia hapa ananong'ona. Na nyie pia?"

Nililia kwa aibu. Nikamwomba radhi, na kundi la pili nikalifuta siku ileile. Asubuhi yake nikaandika kwenye kundi la zamani kwamba mfua chuma amerudi, yuko kwenye lango la mji, na mlinzi hataki kumfungulia. Wenzetu wawili wakaogopa hata kutania, mpaka yeye mwenyewe alipomsema mlinzi kwa tumbo lake. Tukapumua. Tangu hapo kila siku nikawa namwachia mlango mmoja, na kila siku anauvunja. Mama yake mkubwa, aliyekuwa akikaa naye, aliniambia ameanza kula, ila anacheka peke yake na simu, naye hajui kama inafaa. Nikamwambia humo hamna mwanamme, ni sisi tu.

Mwezi wa tatu wa eda, mfua chuma akafika nyumba ya wageni. Mwenye nyumba akamuuliza anataka vyumba vingapi, na yuko na nani. Niliandika bila kufikiri, swali nililoliandika mara nyingi kabla. Nikatuma, kisha nikashika kichwa. Niliichukia mikono yangu. Alasiri likaja jibu.

"Mfua chuma anasema yuko peke yake. Anasema hajazoea bado kulisema hilo."

Kopo sikuligusa. Nikaandika kwamba chumba kipo, na kwamba chini kuna wanawake watatu wamekaa kwenye mkeka, chakula kiko mbele yao na hawajanawa, wanamngoja yeye.

Akajibu neno moja: "Nashuka."