Darubini ya Baba Iliyotazama Kando

Wa rika langu mliokulia Kipawa, jirani na uwanja wa ndege, mtanielewa. Sie ndege zikipita chini chini juu ya nyumba tulikuwa tunaacha mchezo wa rede na kupunga mikono, eti rubani anatuona. Magoti vumbi tupu, midomo myekundu kwa ubuyu, na magharibi mama akiita mara moja tu, wote ndani. Siku hizi mtoto yuko chumbani, unampigia simu aje kula, na anakukatia.

Ila mie nikiikumbuka nyumba yetu, kwanza namkumbuka baba na bunduki yake ya upepo.

Baba alikuwa dereva wa lori la mchanga. Mama alishona nguo barazani na kufuga kuku uani. Mwaka ambao dada yangu Mwanaidi anaolewa, vifaranga ndio walikuwa wanalelewa kwa ajili ya pilau ya harusi, na kunguru wakawafanya karanga. Anashuka mmoja, ananyakua, anakwenda kumlia juu ya paa tukimwangalia. Mama alilia, machozi kabisa.

Baba hakuvumilia. Bunduki ile aliachiwa na babu, ya vijirisasi vidogo, na kibali chake alikuwa nacho. Akapata mahali darubini ya kulengea. Kasheshe ikawa kuifunga, maana bunduki haikuwa na matundu ya skrubu. Akayatoboa mwenyewe kwa drili ya mkono, kwa kukadiria tu, huku anapiga mluzi. Darubini ikakaa pale juu kama kofia ya mlevi.

Watoto tukafungiwa ndani, tunachungulia dirishani. Baba akalenga kopo juu ya ukuta. Paa! Kopo halikutikisika. Tukasikia maji yanachuruzika: diaba jipya la mama limetoboka.

Mama hakupiga kelele. Aliliangalia diaba, akaiangalia bunduki. "Baba Mwanaidi, hebu iweke hiyo kabla hujamuua bibi harusi."

Baba alinuna mpaka ugali ukapoa. Kesho yake mama akamwita barazani. "Lete hapa. Mie kola ikikaa upande siilazimishi. Nafumua." Akavuta uzi mweusi kutoka mdomo wa mtutu mpaka nyuma, baba kashika ncha ya pili. Tundu la mbele likawa chini ya uzi. La nyuma liko pembeni.

"Kumbe la nyuma ndilo limekimbia," baba akasema taratibu.

"Limekimbia na nani? Si wewe uliyelitoboa?"

Tulicheka, na baba naye, aliyejitahidi kununa, akashindwa.

Tundu bovu wakaliziba kwa kipande cha skrubu na gundi ya chuma. Ilipokauka baba akasugua kwa tupa mpaka ukipitisha kidole husikii kitu. Mama akaweka alama ya chaki chini ya uzi. Baba akagonga msumari hapo kidogo ili drili isiteleze, akaanza kuzungusha, mama kainama mbele anapima kwa jicho moja. "Kulia kidogo. Hapo hapo. Usipumue!"

Darubini ikafungwa upya, baba akalenga tena, na kopo lilipoanguka mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani harusi imeanza. Kunguru wa kwanza naye akaanguka. Wenzake walipiga kelele kutwa nzima, na tangu hapo hata baba akitoka na ufagio tu, wanatimka wote.

Siku ya harusi baba alizunguka majamvini akiwaambia wageni, "Kuleni, kuleni, kuku hao nimewapigania." Mama akawa anapita nyuma yake na sinia, anasahihisha, "Tumewapigania."

Baba ametangulia mbele ya haki sasa, na mie nakaa Kinyerezi. Kwangu kitu kikikaa upande, mwanangu anafungua simu, anaagiza, na jioni bodaboda anagonga geti na kipya. Ni rahisi, silalamiki, na mie mwenyewe nimezoea. Lakini hajawahi kutuona mie na baba yake tumeinamia kitu kimoja, vichwa vinagusana, tunabishana hadi tunacheka. Sie tuliwaona wazazi wetu, tukadhani kila nyumba iko hivyo.