Nilimpeleka mume wangu ziwani apoe, akarudi na kindege

Admin, nifichie jina na picha yangu usiiweke, maana mawifi zangu hawakosi kwenye ukurasa huu.

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na minne, mama wa watoto watatu. Nimezaliwa Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, nikaolewa huku juu Maguu kwenye kahawa. Naandika harakaharaka nikiwa jikoni, kwa hiyo nikikosea maneno mnivumilie.

Kwanza niwaeleze ya kwetu. Kule ziwani wanaume wanabeti hadharani. Usipa, wale dagaa wetu wa ziwani, ukishauzwa asubuhi, kila mtu anatoa chake kidogo, wanakusanyika kwenye kivuli cha banda na kurusha kile kindege cha kwenye simu, kile ambacho ukichelewa kutoa hela kinaondoka nayo. Kelele zake utadhani kuna harusi. Mtu akiliwa wenzake wanamcheka, mke wake anamsema mbele za watu, kesho anaenda tena majini. Nimekulia humo. Kwa hiyo mwanaume anayebeti nilijiona namjua: ana kelele, hakosi bando, na kila siku yuko kwenye kundi.

Mume wangu hakuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Mtu wa kimya, anachimba ngoro zake, yale mashimo ya kupandia mahindi huku milimani, mpaka jua linazama, Jumapili yuko kanisani, simu siku nyingine anaisahau nyumbani. Nilikuwa namringia mama yangu kwamba mimi ndiye niliyepata mume. Kumbe huku milimani wanabeti kwa msimu, kama wanavyolima! Kahawa haileti hela kila siku. Basi malipo yakiingia, mwanaume anajifungia chumbani, anatengeneza mkeka mmoja mrefu wa mechi za Ulaya, anaweka karibu kila alichopata, hamwambii mtu. Mkeka ukichanika anatoka, anaomba chai, anakunywa. Mimi naambiwa bei imeshuka, chama cha ushirika kimekata sana, na mimi mjinga nawalaani watu wa chama bure.

Nilijua kwenye mavuno haya yaliyopita. Kahawa ilikuwa imekauka kwenye vichanja, akaja mnunuzi mmoja na pikipiki, akaanza kujaza magunia yake bila hata kuuliza bei. Nikamrukia. Akanijibu kwa upole, "Mama, hii mbona niliinunua ikiwa maua? Muulize baba watoto." Mume wangu alikuwa amesimama palepale anaangalia chini. Msimu wa nyuma mkeka ulipochanika, aliuza kahawa ikingali maua, kwa bei ya kutupa, na hela hiyo nayo akaibetia ili arudishe iliyopotea. Nililia mpaka sauti ikakauka.

Nilitaka kwenda kwa baba mkwe siku ileile. Mume wangu akanipigia magoti, mtu mzima, akasema, "Ukimwambia baba, shamba anampa mdogo wangu. Wanao watakula nini?" Na hakutishia bure. Shamba lile ni la ukoo, na baba mkwe alishamnyang'anya mwanawe mkubwa la kwake kwa sababu ya pombe, mpaka leo hajamrudishia. Nikanyamaza.

Sasa sikieni ujanja wangu. Niliona ugonjwa wake ni huko kujifungia. Nikasema aende kwa kaka zangu Lipingo avue nao, azoee hela ya kila siku, na hata akibeti abeti kidogo mbele za watu, wamcheke, aone aibu. Kaka yangu mkubwa alicheka kwenye simu: "Mlete shemeji, tutamfundisha kucheza kistaarabu." Mama yangu peke yake ndiye aliyeniuliza, "Mwanangu, hao unaowasifia, nyumba zao umeziona?" Nilimwona mchokozi. Lakini alisema kweli. Kaka yangu amevua tangu ujana na bado anaazima mtumbwi. Hicho kidogo cha kila siku kimemla na yeye, ila amezoea kucheka.

Mume wangu alikaa kule mpaka mvua za kwanza, akarudi amenenepa, mchangamfu, ana hadithi kama si yeye. Nilimshukuru Mungu. Wiki haikuisha nikaona kindege kimehamia Maguu. Anakirusha kabla ya uji, anakirusha shambani ameegemea jembe. Hela ya chumvi imepaa, hela ya madaftari imepaa. Nikimwambia, ananijibu, "Si ndivyo wanavyocheza kaka zako? Ulinipeleka mwenyewe." Hasira ninazozipata hapo sijui nizielezeje. Na bado nampenda, hilo nalo niliseme.

Na ule mchezo wa msimu hajauacha. Sasa hivi kahawa imechanua, shamba lote jeupe. Juzi nilimkuta yule mnunuzi katikati ya miche yetu, anatembea polepole, anashika matawi. Akanisalimia kwa heshima zote, halafu akasema, "Mama, maua ya mwaka huu yamekubali kweli. Naomba uwazuie watoto wasicheze humu, wasije wakanipukutishia." Watoto wangu, kwenye shamba lao! Hapo ndipo nilipojua maua yameshauzwa tena.

Jumapili baba mkwe anakuja kula kwetu baada ya misa. Nikisema, wanangu wananyang'anywa shamba mbele ya macho yangu. Nikinyamaza, baba yao analimaliza maua kwa maua, na mimi ndiye ninayempikia. Ndugu zangu, hasa nyie mlioolewa kwenye kahawa, mngekuwa mimi mngemwambia mzee au mngemtengea tu chakula? Kunitukana mtanitukana baadaye, sasa hivi nisaidieni, Jumapili imekaribia.